Epoksi ikimwagika, tazama kwanza imemwagikia nini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie jambo ambalo limeharibu vitu vingi vya thamani mikononi mwa watu wenye nia njema: epoksi iliyomwagika. Rezini hii, majimaji mazito kama gundi ambayo hugeuka kuwa gumu, siku hizi imeingia kila mahali. Mafundi wa samani wa Kisumu na Nakuru huijaza kwenye nyufa za mbao za mvule na kutengeneza zile meza zenye mkondo wa buluu katikati. Vijana humimina sinia, hereni na vishikio vya funguo wakiwa jikoni kwao. Fundi wa vigae anayo, fundi wa simu anayo. Kinachomwagika huwa kidogo, pengine kijiko kimoja. Hasara kubwa huja baadaye, mtu anapokimbilia petroli, thina au wembe kabla hajajiuliza chini ya lile tone kuna nini.

Epoksi ni ile ile popote inapoangukia. Kinachobadilika ni kilicho chini yake, na hicho ndicho cha kuchagulia dawa. Asetoni inayosafisha kioo cha dirisha bila kuacha alama hulainisha na kuchubua kifuniko cha plastiki cha redio. Siki inayofaa kwa kigae huila terazo. Spiriti isiyodhuru jokofu huvua polishi ya kabati la nyanya yako kabla hujamaliza kupangusa mara mbili.

Tuanze na muda, kwa sababu huo haurudi. Epoksi ni vitu viwili, rezini na hadina (kigandishi chake), na vikishachanganywa huanza kushikamana hadi vikawa kitu kimoja kigumu. Haikauki kwa kupoteza maji kama rangi. Inageuka yenyewe, na inapogeuka hutoa joto. Mwanzoni huwa majimaji mazito, inavutika kama mrenda. Baadaye huwa kama chingamu: kidole kinaacha alama lakini hakitoki na kitu. Mwishowe huwa gumu. Katika hali ya kwanza, alkoholi au asetoni huiyeyusha. Katika hali ya pili unaweza kuibandua kwa kipande cha plastiki. Katika hali ya tatu hakuna kiyeyushi cha nyumbani kinachoiyeyusha, hata ukimwaga chupa nzima, na anayemwaga chupa nzima hukiharibu kile alichotaka kukiokoa.

Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapoingia. Muda ulioandikwa kwenye kopo, tuseme dakika 40, kwa kawaida umepimwa kwenye joto la nyuzi 23 au 25. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Likishuka nyuzi 10, huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo mchana wa Kisumu, joto likiwa nyuzi 32, usihesabu zaidi ya dakika 25. Asubuhi ya baridi Nakuru, rezini ile ile itakupa zaidi ya saa moja, na kesho yake bado inanata. Wengi wa Nakuru hudhani wameuziwa mali mbovu, wakaongeza hadina. Msifanye hivyo. Hadina ya epoksi si chachu ya kuharakisha kazi. Ni nusu ya kitu chenyewe, na ikizidi kipimo mchanganyiko hubaki laini daima. Kinachohitajika ni chumba chenye joto na subira.

Jambo moja zaidi kuhusu muda, na wengi hawalijui. Usipime hali ya tone lililomwagika kwa kutazama kikombe ulichochanganyia. Epoksi iliyojaa kikombeni hujipasha yenyewe, huweza hata kutoa moshi na kuyeyusha kikombe, na huganda haraka. Ile iliyotandaa mezani kwa wembamba hupoteza joto lake na huchelewa. Kikombe kikiwa kimeshakuwa jiwe, la mezani huenda bado linapanguswa. Usikate tamaa mapema.

Sasa, tone limeanguka na bado ni majimaji. Usipanguse kwanza. Kupangusa hulitandaza na kulisukuma ndani ya vinyweleo. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, iinamishe, anza ukingoni mwa doa na ukokote kuelekea katikati, ukiinua rezini kama unavyokomba uji mezani. Futa kadi kwenye gazeti kila mara, usirudi na kadi chafu. Baada ya hapo tumia kitambaa kikavu cha pamba, ukikigeuza upande safi kila unapogusa. Kwa kadi na kitambaa kikavu peke yake, sehemu kubwa ya doa huwa imetoka, na bado hujatumia kemikali yoyote. Kinachobaki ni utando mwembamba, na ni huo tu unaohitaji dawa.

Dawa zenyewe si nyingi. Ya kwanza, na tunayoipendelea, ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile mafundi wa simu huita IPA. Ni safi, haina rangi, na haili plastiki nyingi. Ya pili ni spiriti ya kawaida, lakini ile ya zambarau ina rangi ndani yake, nayo hutia doa kitambaa cheupe na mbao ghafi. Ya tatu ni asetoni, yenye nguvu kuliko zote na yenye madhara kuliko zote. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huchanganywa na mafuta na manukato, kwa hiyo huacha utando wake yenyewe. Ya nne ni siki nyeupe, ambayo husaidia epoksi ikiwa bado mbichi, hasa kwenye vifaa vya kazi, na haina nguvu yoyote kwa iliyoganda.

Thina ya dukani hatuishauri. Ni mchanganyiko, na kila duka na mchanganyiko wake. Hujui leo umeuziwa nini. Petroli na mafuta ya taa hayafai kabisa: hayayeyushi epoksi, yananuka kwa siku nyingi, na yanaunguza nyumba. Dawa ya kung'arisha nguo, ile ya klorini, haiigusi epoksi, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Usiichanganye na asetoni wala spiriti pia. Kuna wanaouliza kuhusu dawa za kuvulia rangi. Baadhi zina dikloromethani, ambayo ndiyo inayoweza kulainisha epoksi iliyoganda, lakini mvuke wake umewaua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Zaidi ya hayo, itavua vanishi yako kabla ya kufika kwenye epoksi. Kwa kitu chororo haina maana yoyote.

Mbao zenye vanishi ndizo zinazoleta maswali mengi, na ndizo tutakazokaa nazo zaidi.

"Vanishi" kwa wateja wengi ni neno moja. Kwa kazi hii ni vitu vitatu tofauti, na lazima ujue una kipi. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kiweke mahali pasipoonekana, kama upande wa ndani wa mguu wa meza, kwa sekunde 30, kisha gusa. Pakinata, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani inayopakwa kwa kitambaa. Kabati na redio nyingi za miaka ya nyuma zina hiyo. Pasiponata, rudia mahali pengine kwa thina. Pakinata sasa, ni laka ya kupuliza, ambayo ndiyo iko kwenye makochi na meza nyingi za kisasa zilizotengenezwa hapa kwetu. Pasiponata kabisa, ni poliyurethani au vanishi ya mafuta iliyokomaa.

Kwenye poliyurethani, epoksi mbichi hutolewa kwa IPA: kitambaa kimeloa kidogo, siyo kudondosha, mpanguso mmoja wa kwenda, geuza kitambaa, mpanguso mwingine, kisha kausha papo hapo. Mara 3 au 4 zinatosha. Kwenye laka, IPA ni ya kugusa na kuondoa tu, sekunde 2 kila mara, kwa sababu ikikaa huweza kuacha wingu jeupe. Asetoni na thina hapana. Kwenye shelaki, alkoholi ya aina yoyote ni adui. Hapo utabaki na kadi, kitambaa kikavu, na mwisho kitambaa chenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kimekamuliwa hadi hakitoi hata tone, na meza ikaushwe mara moja. Utando kidogo ukibaki, uache uwe kama chingamu, kisha uubandue kwa ukucha wa plastiki. Ni afadhali kusubiri saa mbili kuliko kupaka polishi upya meza nzima.

Iliyoganda juu ya mbao ina njia mbili. Ya kwanza ni joto. Epoksi nyingi zinazoganda zenyewe bila kupashwa moto hulainika zikifika nyuzi 50 hadi 60. Kikausha nywele kinatosha. Bunduki ya joto ya mafundi ni kali mno na huchoma vanishi kabla hujashtuka. Kishike umbali wa sentimita 15, kizungushe bila kusimama mahali pamoja, dakika moja au mbili. Kisha weka ukingo wa kadi ya plastiki chini ya tone ukiwa umeulaza karibu usawa wa meza, na usukume taratibu. Likigoma, ongeza joto, usiongeze nguvu. Nguvu ndiyo hung'oa kipande cha vanishi pamoja na tone. Njia hii inafaa poliyurethani. Kwa shelaki na laka haifai, kwa maana zenyewe hulainika kwa joto, na kwa mbao zilizobandikwa ngozi nyembamba ya mbao juu haifai pia, kwa sababu gundi ya chini huachia na pale juu hufura.

Ya pili ni wembe wenye viatu. Chukua wembe mpya wa upande mmoja, au ubao mdogo wa chuma wa kukwangulia uliochongwa vizuri. Funga tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwenye ncha zote mbili za makali, ukiacha katikati wazi kama sentimita 2. Sasa ukiuweka mezani, makali hayagusi meza. Yanaelea juu yake kwa unene wa tepu, ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ushike karibu wima, uuinamishe kidogo upande unaoelekea, na uuvute juu ya tone. Utasikia mkwaruzo mkavu na vinyweleo vyeupe vya epoksi vitajikunja mbele ya makali. Vuta mara nyingi kwa mkono mwepesi. Tone linapungua tabaka kwa tabaka, na vanishi inayolizunguka haiguswi kwa sababu tepu ndiyo inayoikanyaga. Tepu ikichakaa, badilisha; ikichanika bila wewe kuona, ndipo utakapochora mistari miwili mezani.

Utabakiwa na utando wa unene ule ule wa tepu. Huo ni wa msasa wa maji. Kata kipande cha msasa namba 800, ukizungushe kwenye kijibao kidogo kama kifutio cha mwanafunzi, siyo kwenye kidole, kwa kuwa kidole ni laini na huchimba shimo pembeni mwa epoksi. Lowesha kwa maji yenye sabuni. Kwa shelaki tumia tapentaini badala ya maji. Sugua juu ya epoksi tu, na kila baada ya mizunguko 10 pangusa utazame. Uji mweupe ni epoksi. Uji ukianza kuwa na rangi ya kahawia, umefika kwenye rangi ya mbao na umepita kiasi, simama. Baadaye namba 1200, halafu 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia magari kwa kitambaa laini. Anayeruka kutoka 800 hadi kompaundi ataona mikwaruzo kila jua la jioni linapoingia dirishani.

Kioo ni rahisi kuliko vyote. Kama si kioo cha simu wala plastiki inayofanana na kioo, kilowanishe kwa maji ya sabuni, ulaze wembe mpya kama nyuzi 30, na usukume upande mmoja tu. Usiurudishe nyuma ukiwa bado umegusa kioo, kwa sababu chembe ya mchanga hunaswa chini yake na kuchora. Kioo baridi usikipulizie joto ghafla, hupasuka. Simu izime, tumia kijiti cha pamba kilicholowa IPA bila kudondosha, na uepuke matundu ya spika. Asetoni huondoa ule utando wa juu unaozuia alama za vidole, na hula fremu ya plastiki. Kama epoksi imeangukia kioo cha ziada cha kukinga, usihangaike, kibandue uweke kingine.

Plastiki zina tabia zake. Beseni, mtungi na vikombe vingi vya jikoni vimetengenezwa kwa politini au polipropilini, ambazo epoksi haizishiki sawasawa. Iache igande, kikunje chombo kidogo, na itaruka yenyewe. Lakini perspeksi (ile plastiki angavu kama kioo), taa za mbele za magari, miwani na maganda ya televisheni ni plastiki za aina nyingine: asetoni huzifanya kuwa na ukungu na nyufa ndogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazirudi nyuma. Perspeksi iliyokunjwa au kukazwa kwa skrubu huweza kupasuka hata kwa alkoholi. Hapo ni kitambaa kikavu na maji ya sabuni, mapema.

Mawe yanahitaji heshima. Terazo ya saruji na marumaru ya kweli yana madini ya chokaa, na siki huyala: doa la epoksi litatoka, doa la siki litabaki. Tumia asetoni kwa kitambaa, dirisha likiwa wazi. Kama epoksi mbichi imezama kwenye jiwe, tengeneza uji mzito wa poda ya talki na asetoni, upake unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni, acha saa kadhaa, kisha funua uache ukauke kabla ya kuukwangua. Unapokauka hufyonza na kuvuta rezini juu. Sakafu nyekundu ya saruji inayopakwa nta, ambayo bado iko katika nyumba nyingi za magharibi, itapoteza nta pale ulipofuta na kuonekana imepauka; ipake nta tena, haijaharibika.

Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, ni jambo jingine. Ni laini kiasi kwamba ukucha huweza kuliacha na alama, kwa hiyo wembe usikaribie. Na sanamu nyingi hupakwa rangi kisha nta, nayo spiriti huondoa vyote viwili. Tunashauri joto la kikausha nywele na kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, polepole, kisha nta mpya. Kama sanamu ina michoro midogo na epoksi imeingia ndani ya mistari yake, mpelekee mchongaji. Yeye ana mkono na patasi ya kazi hiyo.

Vitambaa huwavunja watu moyo, na tuseme wazi: epoksi iliyoganda ndani ya nyuzi za pamba haitoki. Iliyo mbichi inatoka ukifanya kinyume cha silika. Usisugue juu. Kilaze kitambaa kifudifudi, doa likitazama chini, juu ya taulo jeupe, na ukigonge kwa nyuma kwa pamba yenye IPA, ili rezini irudi ilikotoka badala ya kuvuka upande wa pili. Sogeza taulo kila baada ya kugonga mara chache. Jaribu kwanza pindoni, maana vitenge vingine huachia rangi. Soma kile kibandiko cha shingoni: ikiandikwa aseteti, asetoni itakitoboa papo hapo. Na usitie nguo hiyo kwenye maji ya moto wala usipige pasi, kwa maana joto huharakisha kuganda. Zulia nalo lina mpira mgongoni unaoyeyushwa na asetoni. Tone lililoganda juu ya manyoya yake liwekee mfuko wa barafu dakika 20, livunje kwa koleo, uchomoe vipande, na ncha zilizobaki uzikate kwa mkasi. Samani za magugu maji zinazosukwa Kisumu tunazitendea vivyo hivyo: ngoja iwe kama chingamu, ibandue kwa kibano ukifuata mwelekeo wa msuko, usimwage kiyeyushi chochote, kwa sababu nyuzi hunywa kila kitu.

Kochi la ngozi halivumilii asetoni wala spiriti. Rangi ya ngozi hutoka kwanza. Kitambaa kikavu, kisha sabuni laini, basi.

Tungependa mhariri asilipunguze hili linalofuata, hata kama nafasi ni finyu. Watu wanajali meza kuliko mikono yao. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usiotoka tena maishani, mikono ikawa inawasha na kupasuka kila unapokaribia rezini, na fundi akalazimika kuiacha kazi. Usioshe mikono kwa asetoni, thina wala spiriti. Hizo hukausha ngozi na kuisaidia rezini kupenya. Pangusa kwa karatasi kavu, paka mafuta ya kupikia kidogo uyasugue hadi kunata kuishe, pangusa tena, kisha maji na sabuni. Vaa glavu za nitrili, lakini fahamu kwamba asetoni hupenya nitrili ndani ya dakika chache. Zikilowa asetoni, zitupe uvae nyingine. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa lina madhara yale yale, ndiyo maana tunasema msasa wa maji na siyo mkavu, na ikiwezekana baada ya siku 7. Ikiruka jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali.

Na moto. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unatambaa sakafuni, na unaweza kufika kwenye jiko la makaa au gesi iliyo chumba cha pili. Unashika moto hata siku ya baridi. Zima jiko kwanza, fungua milango, tumia kifuniko kimoja cha chupa kwa wakati mmoja na uifunge chupa. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke kabla ya kutupwa. Rezini iliyobaki isimwagwe kwenye sinki wala mtaro. Ichanganye na hadina yake kwa kipimo, itandaze nyembamba kwenye gazeti, ikiganda itupe.

Mwisho tuna ombi kwa wenye maduka wanaopima rezini na hadina na kuzitia katika chupa ndogo. Chupa nyingi zinatoka dukani bila neno lolote juu yake. Mnunuzi hajui kama ni moja kwa moja, mbili kwa moja au tatu kwa moja, wala kama kipimo ni cha uzito au cha ujazo, na hivyo si kitu kimoja, kwani rezini ni nzito kuliko hadina. Hajui muda wa kufanyia kazi, kwa hiyo tone likianguka hajui ana dakika 10 au 50 za kuliokoa. Akichanganya rezini ya chupa hii na hadina ya kampuni nyingine, hupata uji unaonata usioganda kamwe, ambao ndio huo tena humwagika na kuenea kwenye kila kitu. (Huo, angalau, hutoka kwa IPA hata baada ya wiki, kwa sababu haujageuka.) Kibandiko cha mistari minne kinatosha: jina la rezini na la hadina yake, kipimo na aina ya kipimo, dakika za kazi na joto zilipopimwa, na onyo la ngozi na macho. Na tafadhali msitumie chupa za soda na maji. Hadina nyingi ni angavu na hazina rangi, na chupa hiyo itawekwa mezani, mahali mtoto anapofikia.

Mafundi wa samani na rezini,
Kisumu na Nakuru